Kabla Hujaripoti Chuoni: Huduma Anazostahili Mwanafunzi Mwenye Ulemavu

Maelezo yaliyotolewa kwa wazazi, walezi na wanafunzi wa Kinondoni na Temeke



 Tunawashukuru wakalimani wa lugha ya alama, ambao wanatuwezesha kuzungumza na kila aliyemo ukumbini.

Kazi yetu, kama chombo cha umma, ni kuhakikisha kwamba anayelipia huduma anaipata kwa kiwango alichoahidiwa. Elimu ya chuo nayo ni huduma. Ina mtoaji, ina mpokeaji, ina gharama, na ina masharti yanayozifunga pande zote mbili. Leo tunamzungumzia mpokeaji ambaye hulipa ada ileile wanayolipa wenzake, lakini mara nyingi hupata pungufu ya walichopata wao: mwanafunzi mwenye ulemavu.

Haki inatoka wapi

Huduma tutakazozitaja leo hazitolewi kwa hisani. Ibara ya 11 ya Katiba yetu inatambua haki ya kila mtu kujielimisha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu na inazungumzia haki ya elimu na mafunzo. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 24 ya mkataba huo inazitaka nchi kuhakikisha kwamba watu wenye ulemavu wanapata elimu ya juu na mafunzo ya ufundi kwa usawa na wengine, na kwamba marekebisho yanayofaa yanafanyika kwa ajili yao.

Neno hilo, "marekebisho yanayofaa", tungependa mlikumbuke, kwa maana ndilo mtakalolitumia chuoni. Maana yake ni mabadiliko ya lazima yanayomwezesha mwanafunzi kuifikia huduma. Darasa la ghorofa ya pili linahamishiwa chini kwa sababu jengo halina lifti. Mhadhiri anatoa maelezo ya somo kwa njia ya kompyuta kabla ya kipindi, ili asiyeona ayasikilize kwa programu ya kusoma skrini. Mwenye ualbino anakaa mbele na kupewa karatasi ya maandishi makubwa. Mtihani ni uleule na alama za kufaulu ni zilezile. Kinachobadilika ni njia ya kuufikia mtihani huo.

Pengo kati ya sekondari na chuo

Vijana wengi huteleza mahali hapa. Katika sekondari, mwalimu anamfahamu mwanafunzi kwa jina, na shule ndiyo inayopeleka taarifa zake Baraza la Mitihani. Siku ya mtihani wa kidato cha sita ikifika, karatasi ya nukta nundu au ya maandishi makubwa ipo mezani, na muda wa ziada umekwishapangwa. Kijana anazoea kwamba mambo hujipanga yenyewe.

Chuoni hali ni nyingine. Mitihani hutungwa na kusimamiwa na chuo chenyewe. Darasa moja huweza kuwa na mamia ya wanafunzi, na mhadhiri wa somo hili hana habari na alichoambiwa mhadhiri wa somo lile. Asiyesema, hajulikani. Kiziwi asiyekuwa na mkalimani hupitwa na wiki tatu za mwanzo, jaribio la kwanza likaja, akapata alama hafifu, na wengi wakadhani hana uwezo. Uwezo anao, alichokosa ni mawasiliano. Kwa hiyo tunawaomba mfanye mambo matatu, na myafanye kwa wakati wake.

Jambo la kwanza: tajeni ulemavu wakati wa kuomba nafasi

Fomu ya kuomba chuo inapouliza juu ya ulemavu, jibuni kwa ukweli. Tunafahamu hofu iliyopo. Baadhi ya wazazi huamini kwamba mtoto akijitaja atanyimwa nafasi. Hofu hiyo ina sababu zake, maana jamii yetu haijawatendea haki watu hawa siku zote. Hata hivyo, wahenga walisema mficha uchi hazai. Chuo kisichojua kwamba kinapokea mwanafunzi anayetumia kiti mwendo hakitampangia chumba cha chini katika bweni. Nanyi mkija kulalamika baadaye, swali la kwanza mtakaloulizwa ni kama mlitoa taarifa.

Jambo la pili: kitembeleeni chuo kabla ya siku ya kuripoti

Vyuo havilingani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kina kitengo kinachoshughulikia wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Katika vyuo vingine kazi hiyo hufanywa na ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Kwa upande wa ufundi, hapa Temeke tunacho chuo cha Yombo, ambacho serikali ilikianzisha kwa ajili ya mafunzo ya watu wenye ulemavu. Yombo isichukuliwe kuwa ndiyo njia pekee. Kijana mwenye sifa za kusoma ualimu pale Chang'ombe, ustawi wa jamii pale Kijitonyama, au shahada ya Chuo Kikuu Huria chenye makao yake Kinondoni, ana haki ya kwenda huko.

Mkifika, tembeeni njia yote ambayo mwanafunzi ataitembea: kutoka kituo cha daladala hadi getini, kutoka getini hadi darasani, kutoka darasani hadi maktaba, bweni na choo. Choo kisisahaulike. Mlango usiopitisha kiti mwendo humlazimisha mwanafunzi kushinda bila kunywa maji, na hiyo ni hatari kwa afya yake. Kisha ulizeni: Nani anahusika na wanafunzi wenye ulemavu, na ofisi yake iko wapi? Je, kuna mkalimani wa lugha ya alama, na anapatikana kwa vipindi vyote au kwa mikutano tu? Vitabu vya kozi vinapatikana kwa nukta nundu, kwa sauti au kwa kompyuta? Mvua kubwa ikinyesha, njia zinapitika? Wakazi wa Mbagala, Bunju na Tegeta hawana haja ya kuelezwa umuhimu wa swali hilo la mwisho.

Jambo la tatu: andikeni barua katika wiki ya kwanza

Maombi ya mdomo husahaulika. Mwanafunzi aandike barua ya ukurasa mmoja kwa mshauri wa wanafunzi, na nakala kwa mkuu wa idara yake. Ataje jina, namba ya usajili, kozi na aina ya ulemavu. Aeleze anachohitaji katika vipindi, katika mitihani na katika malazi, kila hitaji kwa mstari wake. Aambatanishe uthibitisho wa daktari. Asiandike tu "naomba msaada", bali aandike, kwa mfano, "naomba muda wa ziada katika mitihani ya maandishi kwa sababu natumia mashine ya nukta nundu". Ombi lililo wazi hujibika. Ombi la jumla huzungushwa.

Barua ikipokelewa, nakala yake igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, na mwanafunzi aihifadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki nayo, bila nakala yenye muhuri, huwa vigumu kuitetea.

Kuhusu mikopo

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huzingatia ulemavu inapopima uhitaji wa mwombaji, uwe ni ulemavu wa mwanafunzi mwenyewe au wa mzazi wake. Sharti lake ni kwamba ulemavu huo uthibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Cheti cha zahanati ya mtaani au barua ya mjumbe haitoshi.

Wengi hukwama hapa kwa sababu huanza kutafuta uthibitisho dirisha la maombi likiwa linakaribia kufungwa. Msisubiri. Someni mwongozo wa mwaka husika mara tu unapotolewa, kwa kuwa masharti hubadilika, kisha mwende ofisi ya Mganga Mkuu katika manispaa yenu mapema. Jihadharini na vishoka wanaojitolea "kuwashughulikia" kwa malipo. Atakayewauzia uthibitisho wa kughushi hatakuwepo siku mtakapoitwa kujieleza.

Msichanganye pia mkopo huo na asilimia mbili ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa ajili ya mikopo ya watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni za shughuli za kiuchumi na hurejeshwa. Zinaweza kumsaidia mzazi kuendesha biashara, lakini hazikuwekwa kwa ajili ya ada.

Kuhusu vitabu na vifaa

Mwaka 2020 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaowafungulia wasioona na wenye uoni hafifu njia ya kupata nakala za vitabu katika maumbo wanayoweza kuyasoma, bila kizuizi cha hakimiliki kilichokuwapo. Maktaba ya chuo ikijibu kwamba haiwezi kabisa kugeuza kitabu, mkumbusheni mkutubi kwa upole juu ya mkataba huo.

Kwa wanaonunua vifaa wenyewe, tunasisitiza kanuni za kila mnunuzi. Daini risiti. Ulizeni dhamana ni ya muda gani. Kiti mwendo kijaribiwe na atakayekitumia, na muulize kama vipuri vyake vinapatikana hapa nchini. Kiti kinachoteleza vizuri juu ya vigae vya dukani huweza kukwama kwenye mchanga wa mtaa wenu. Kisaidizi cha kusikia kinataka vipimo na kurekebishwa na mtaalamu. Ulizeni pia bei ya betri zake, maana hiyo ndiyo gharama itakayojirudia.

Huduma ikikosekana

Anzeni na ofisi mliyoiandikia barua. Jibu lisipopatikana, pandeni kwa mkuu wa chuo, kwa maandishi, mkiambatanisha nakala yenye muhuri. Serikali ya wanafunzi nayo ni mshirika wenu. Chuo kikishindwa kulimaliza jambo, vyuo vikuu vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Vyuo vinavyotoa cheti na stashahada za ufundi vinasimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Suala la mkopo lipelekeni Bodi ya Mikopo. Panapokuwa na ubaguzi, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko. Asiyemudu wakili asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili yake.

Msiende peke yenu pale ambapo mnaweza kwenda na wenzenu. Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu, yaani SHIVYAWATA, lina vyama wanachama vya viziwi, wasioona, wenye ualbino na wengineo, na vyama hivyo vina uzoefu wa milango mnayoibisha leo kwa mara ya kwanza. Karibu zaidi na nyumbani, sheria ya mwaka 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya mtaa, na kila manispaa ina maafisa ustawi wa jamii. Waulizeni viongozi wa mtaa wenu kama kamati ipo na hukutana lini. Kama haipo, swali lenu litakuwa mwanzo wa kuundwa kwake.

Ndugu wazazi, mmewalea vijana hawa kwa gharama ambayo hakuna risiti inayoionyesha. Wengine mmewabeba mgongoni hadi shule ya msingi, wengine mmejifunza lugha ya alama ukubwani ili mzungumze na mtoto wenu. Safari hiyo isiishie kwenye ngazi za jengo la mihadhara kwa sababu tu hakuna aliyeandika barua. Wakati wa kuomba nafasi, tajeni. Kabla ya kuripoti, kagueni. Wiki ya kwanza, andikeni. Nasi ofisini kwetu tutampokea kila atakayekuja na nakala yake mkononi.