Soma Pakiti Kabla ya Kufunga Safari

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia



Leo tutazungumza juu ya chakula cha safari. Najua wengine mnasema moyoni, hilo nalo ni jambo la mkutano? Mtu akisikia njaa njiani si atanunua soda na mkate? Lakini wako watu ambao mkate huo huwalaza kitandani. Wana ugonjwa uitwao siliaki. Inakadiriwa kwamba duniani mtu 1 katika kila 100 anao, na wengi hawajijui.

Ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai mna protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike. Mtu wa siliaki akiila, mwili wake mwenyewe hushambulia utumbo, na chakula hakiingii mwilini vizuri. Anahara, tumbo linajaa, damu inapungua. Mtoto hakui. Huku si kurogwa, na ugonjwa huu hauambukizi. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1950 kwamba ngano ndiyo iliyowadhuru watoto wagonjwa aliowatunza. Hadi leo hakuna dawa ya kuuponya. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Anayeshuku kwamba anao aende hospitali apimwe damu kwanza, naye asiache ngano kabla ya kupimwa. Akiacha mapema, kipimo kinaweza kudanganya.

Sasa, hapa nyumbani tuna bahati. Mahindi, mtama, wimbi, mchele, muhogo, nduma, viazi, maharagwe na ndizi, vyote havina gluteni kwa asili yake. Mgonjwa akiwa kwake anajua sufuria yake. Shida huanza akipanda gari. Njiani chakula ni cha pakiti, njaa inauma, na utingo anapiga kelele gari linaondoka. Hapo nani atasoma maandishi madogo? Ndiyo sababu nasema pakiti isomwe nyumbani, kabla ya siku ya safari.

Mtaniuliza, tusome nini? Pakiti nyingi huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mjifunze maneno machache. "Wheat" ni ngano. "Barley" ni shayiri. "Rye" ni rai. "Malt" ni kimea, na kwa kawaida ni cha shayiri. Kimo katika vinywaji vingi vya unga tunavyowapa watoto. "Semolina" na "atta" ni ngano pia. "Oats", yaani oti za uji, mara nyingi huchanganyika na ngano shambani au kiwandani, kwa hiyo aziache isipokuwa pakiti inasema hazina gluteni.

Kisha kuna viongezo, vile vitu vya kukoleza, kugandisha na kutia rangi. Angalieni "modified starch", yaani wanga uliobadilishwa. Unaweza kuwa wa mahindi, wa muhogo, au wa ngano. Wakati mwingine huandikwa kwa namba tu, namba za 1400 na kitu. Kama pakiti haisemi wanga umetoka wapi, iache dukani. Lakini msiogope kila namba. 621 ni kikoleza ladha, 330 ni asidi kama ile ya limau, 415 hutumika hata kuoka mikate isiyo na gluteni. Hizo siyo gluteni.

Vitu vya kuangalia sana ni mchuzi wa pakiti, vidonge vya kukolezea supu, sosi ya soya, soseji, krispi zenye ladha, na unga wa uji wa mchanganyiko. Alama ya ubora ya KEBS ni nzuri, lakini haimaanishi kwamba chakula hakina gluteni.

Mtu asiseme, kidogo tu hakidhuru. Kipimo cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni miligramu 20 kwa kilo, zisizidi. Kipande kimoja cha mkate kina zaidi ya miligramu 1,000. Kwa hiyo hata chipsi zilizokaangwa katika mafuta ya mandazi zinaweza kumwangusha. Hata mahindi yaliyosagwa kwenye posho mill mara tu baada ya ngano.

Basi, mnaposafiri na mgonjwa, fanyeni hivi:

1. Wiki moja kabla, someni kila pakiti mnayotaka kubeba. Mkinunua nyingine, someni tena, kwa maana viwanda hubadilisha mchanganyiko.

2. Bebeni chakula cha nyumbani kinachotosha siku nzima na zaidi: viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, ndizi, njugu. Gari huharibika.

3. Mwenyeji apelekewe habari mapema. Mgonjwa apikiwe katika sufuria safi na mwiko wake.

4. Anayekwenda kutembelea watoto Marekani ajue kwamba sheria iliyoanza huko mwaka 2006 inalazimisha ngano itajwe kwenye pakiti, lakini si shayiri wala rai. Katika nchi za Umoja wa Ulaya nafaka zote tatu lazima zitajwe.

5. Kwa Wakatoliki, hostia nayo ni ngano. Barua iliyotoka Roma mwaka 2003 inaruhusu hostia yenye gluteni kidogo sana, au mwamini apokee kwa kikombe peke yake. Amwone padre kabla ya Misa.

Mwisho, vikundi vyenu husafiri kwa semina, mazishi na harusi. Mwanakikundi akikataa chapati ya mwenyeji, msimwite mwenye maringo. Mwekezaji hazina anapopanga nauli, apange na chakula chake. Na mkutano ujao kila mmoja alete pakiti moja tupu kutoka jikoni kwake. Tutazisoma pamoja, wanaojua kusoma wakiwasaidia wasiojua.