Udaktari wa kulipwa hauuzwi, na kuenda kusoma si kukimbia

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Butembo

Naona hapa wanafunzi, naona wa-motari, naona pia wale walimaliza zamani na diploma iko inalala ndani ya valizi.

Nitaanza na aibu yangu. Kuna mwaka nililipa dola 120 kwa mutu mumoja aliyesema atanipatia burse ya udaktari mu sayansi ya data. Alikuwa na ofisi, alikuwa na kashe, alikuwa na picha za vijana mbele ya ndege. Mama aliuza mbuzi mbili ili ile pesa ipatikane. Nikangoja miezi mitano. Siku nilirudia kuuliza, mulango ulikuwa na kufuli.

Ninayasema haya sababu najua siko peke yangu mu hii sale. Na niliyojifunza ni jambo moja: udaktari wa kulipwa hauuzwi. Ni kazi. Na kazi inaombwa kama kazi.

Tuelewane kwanza. Sisemi daktari wa hospitali. Ni yale masomo ya mwisho, kisha masta, miaka mitatu, mine, hata mitano, ukichunguza swali ambalo bado mutu hajalijibu. Mu sayansi ya data na akili bandia, vyuo vikuu vingi vya inje haviombi minervali kwa wale wamekubaliwa na burse. Vinakulipa wewe. Kwa nini? Sababu profesa amepata pesa ya utafiti na anatafuta mutu wa kuufanya pamoja naye. Kwa hiyo usiende kama mutu wa kuomba musaada. Enda kama mutu mwenye kuleta nguvu na akili.

Nafasi ziko wapi? Nitataja tatu tu.

Ya kwanza iko hapa Afrika. Inaitwa RSIF, mufuko wa burse za udaktari ambao serikali za Afrika na Benki ya Dunia ziko ndani yake. Inasimamiwa na icipe, kule Nairobi. Akili bandia na data kubwa ni kati ya masomo inayolipia. Unasoma mu chuo kikuu cha Afrika, kisha unaenda muda fulani kufanya utafiti mu chuo cha mbali.

Ya pili ni ya Umoja wa Ulaya, inaitwa Marie Skłodowska-Curie. Haiangalii pasipoti yako ni ya inchi gani. Unapewa kontra ya kazi na mushahara. Wana kanuni moja: usiwe umeishi mu ile inchi unaomba zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka 3 ya nyuma. Siye tusiotoka kamwe, kwa mara moja hiyo ni faida yetu! Nafasi zinatangazwa ku EURAXESS, bila kulipa hata franka.

Ya tatu ni kwa wale Kiingereza bado kinawasumbua. Ufaransa kuna kontra ya udaktari, miaka 3 ya mushahara. Na Montréal, kule Canada, kuna Mila, kituo kikubwa cha akili bandia kilichoanzishwa na Yoshua Bengio, mu muji ambao watu wanaongea Kifaransa.

Sasa swali: unaleta nini? Hapa ndipo wengi tunaanguka. Tunaandika imeili moja, "Bwana Profesa, naomba burse", tunaituma kwa watu hamsini. Hakuna anayejibu, na wana haki. Soma kwanza makala mbili za yule profesa. Mwandikie ukurasa moja: nimesoma hii kazi yako, nina swali hili, hesabu zangu ziko hivi. Jifunze algebra, probabilite, takwimu na Python. Masomo ni ya bure. Tutayapakua usiku na kugawana ku flash.

Na swali lako litoke hapa. Mwaka 2018 Ebola ilipotangazwa huku kwetu, wagonjwa walifika 3 470, na 2 287 walikufa. Watu zaidi ya 300 000 walichanjwa. Kila mutu aliandikwa: jina, mutaa, nani alimugusa nani. Siye ndio tulikuwa hesabu. Ni wangapi kati yetu walikaa mbele ya kompyuta ile hesabu ilipokuwa inafanywa? Kule Kampala, watafiti wa Makerere walifundisha simu kutambua ugonjwa wa muhogo kwa picha ya jani. Ni muhogo ule ule tunakula. Swali la namna hii hakuna mutu wa mbali anayelijua kukupita.

Kuhusu matapeli: anayekuhakikishia nafasi, muongo. Anayeomba pesa ku simu yake, muongo. Vyuo vingine vinaomba pesa kidogo ya kufungua dosiye, lakini inalipwa kwa chuo chenyewe, na mara nyingi unaweza kuandika uombe waiondoe.

Na hapa nyumbani, karatasi ya points na barua ya profesa si bidhaa ya soko. Kama umelipa yote na bado unaombwa rushwa ili karatasi yako itoke, njoo na tarehe na risiti. Tutaenda pamoja, watu ishirini, kwa utulivu, mpaka itoke.

Najua kuna mwenye kusema: harakati yetu inafundisha kubaki na kupigania inchi, leo unatufundisha kutoka? Ndugu yangu, anayekimbia hana swali, ana kiatu tu. Anayeenda na swali la Butembo, hata akiwa mbali, bado anafanya kazi ya Butembo. Lakini tusijidanganye: wengine hawatarudi, na serikali isiyotengeneza hata laboratware moja haina haki ya kuwalaumu. Tuidai hiyo laboratware pia.

Mimi nimekataliwa mara tatu. Mwaka huu nimetuma dosiye mbili, mwenyewe, bila kulipa mutu. Bado sijapata jibu. Mama anauliza kila juma. Namwambia: hata wakikataa, safari hii hatujauza mbuzi.

Jumamosi saa nane tunaanza na algebra. Leta daftari. Sasa mulete maswali.