KUFUNGA MZIGO NA KUFUNGA RAMADHAN

(Mada iliyotolewa na ndugu yetu, dereva wa trela, mbele ya vijana baada ya swala ya Alasiri. Tumeiandika kama alivyoisema, tukapunguza kidogo tu.)



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu (S.A.W.). Mashekhe zangu, wazee wangu, ndugu zangu vijana, na kina dada mlioko upande wa pili wa pazia, Ramadhan Karim.

Mimi si shekhe wala si mhadhiri. Amiri wa vijana aliponipigia simu nilikuwa Mtito Andei, nimelala chini ya trela, mikono imejaa grisi. Akaniambia, "Kaka, vijana wanaomaliza shule wanakuja kuuliza habari ya kazi ya trela. Njoo uwaambie ukweli." Nikamjibu kwamba mimi najua kufunga mzigo tu, sijui kuhutubia. Akacheka, akasema, "Basi njoo, na sisi huku tuko katika kufunga." Neno lile likanikaa moyoni mpaka nikafika Mombasa. Kwa hivyo leo nitazungumza juu ya kufunga kuwili, na mtanisamehe nikikosea.

KAZI YENYEWE

Niliingia kazini mwisho wa mwaka 2022. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru mizigo ipelekwe bara kwa reli ya SGR, watu wa Mombasa waliandamana, kwa sababu kazi za malori ndizo zilizokuwa zikilisha nyumba nyingi za Changamwe, Jomvu na Miritini. Septemba 2022 shughuli za kutoa mizigo ziliporudishwa bandarini, makampuni yakaanza tena kutafuta madereva. Mimi nilikuwa na leseni ya CE, nimeendesha lori dogo la mchanga miaka minne, nikajiona nimeiva. Nikapewa fletibedi.

Fletibedi ni trela ya wazi. Ni sakafu tupu, haina kuta wala paa. Hubeba nondo, mabati, mabomba, mashine, mbao, vitu ambavyo haviingii kwenye kontena. Dereva wa kontena akishafungiwa mlango na kupigwa sili, kazi yake ni kuendesha. Dereva wa fletibedi huendesha na hufunga. Kinachozuia ule mzigo usimwangukie mtu njiani ni minyororo, mikanda ya kukazia, mbao za kulalia, na mikono yako wewe.

Halafu kuna mizani pale Mariakani. Vijana wengi hudhani mizani hupima uzito wote tu. La. Hupima kila kundi la ekseli. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu ekseli ya usukani tani 8, zile mbili za nyuma ya kichwa tani 18, na tatu za trela tani 24. Jumla tani 50. Unaweza kuwa na tani 46, jumla yako iko sawa kabisa, na bado ukazuiwa kwa sababu mzigo umekaa mbele mno. Mwezi wangu wa kwanza nilizuiwa namna hiyo. Nikalala kwenye foleni nikijifunza hesabu ambayo shuleni niliikimbia.

MNYORORO HULEGEA WENYEWE

Aliyenifundisha kufunga si dereva. Ni utingo wangu, tanboi kama tunavyowaita, mtu mzima wa Kikamba ambaye alianza kupanda malori mimi nikiwa chuoni nasoma juzuu ya amma. Yeye ananiita "dereva", mimi namwita "mzee".

Siku ya kwanza nilifunga nondo, nikakaza mpaka mnyororo ukawa kama mti. Nikajisifu. Mzee akanyamaza. Tulipopita Mariakani akaniambia, "Dereva, simama tukaze." Nikamwambia, "Si tumekaza yadini?" Akanishika mkono akanipeleka pembeni mwa trela, akasema, "Vuta." Nikavuta mnyororo, ukacheza. Wallahi ulicheza kama kamba ya kuanikia nguo, na hakuna mtu aliyeugusa tangu Mombasa.

Akanieleza. Nondo zikipakiwa huwa zimelaliana ovyo, katikati yake kuna nafasi. Lori likitembea linatikisika, kila nondo inatafuta mahali pake, fungu lote linasinyaa. Fungu likisinyaa, mnyororo unabaki mrefu. Kwa hivyo mzigo wa nondo haufungwi mara moja. Unaufunga yadini, unashuka baada ya mwendo mfupi unakaza tena, na kila ukisimama unakagua. Mwenye kusema "nilikaza jana" hajakaza.

SIKU NILIYOKATAA KUSIMAMA

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema msikitini.

Ilikuwa Ramadhan ya 1444, mwaka 2023. Ilikuwa Ramadhan yangu ya kwanza njiani. Niliamka daku saa kumi alfajiri, saa mbili nikawa kwenye foleni ya kupakia, jua linachoma. Nilipakia tani 28 za nondo za kwenda Nairobi. Tulimaliza mchana. Mlima wa Mazeras ukatuchelewesha, mizani ikatuchelewesha, na kutoka Mariakani ilikuwa saa kumi na moja jioni. Ofisi walikuwa wamepiga simu mara tatu. Na mimi nilikuwa nimejiwekea kwamba lazima nifuturu Maungu, kwa sababu pale husimama madereva Waislamu wengi, na nilitaka wanione nimefika nikiwa na saumu yangu. Zingatieni neno hilo: nilitaka wanione.

Mzee akasema, "Simama tukaze." Nikamwambia tutakaza Maungu. Akapanda kitandani nyuma ya viti, akalala.

Tulipopita Taru nikasikia anaamka. Akaja akaketi kando yangu. Akasema, "Dereva, ule mnyororo wa mbele unalia." Na mimi nilikuwa nausikia. Nikamjibu kwa ukali, na yeye ni sawa na baba yangu, "Mzee, nimekwambia Maungu!" Akanyamaza.

Haikupita dakika tano, mbuzi wakaingia barabarani, na nyuma yao mtoto mwenye fimbo. Nikakanyaga breki. Lori likasimama. Nondo hazikusimama. Nilisikia mlio ambao hata leo nikiusikia mahali nashtuka. Fungu la juu liliteleza, likapita juu ya ngao ya mbele ya trela, likavunja kioo cha nyuma cha kebini na kuingia ndani. Nilipogeuka, nondo zilikuwa zimetoboa godoro. Pale pale alipokuwa amelala mzee.

Mtoto alikuwa amesimama ukingoni, mzima. Mbuzi wote walivuka. Mzee alikuwa kando yangu, mzima, ana vipande vya kioo kwenye nywele. Aliyemwamsha ni ule mnyororo unaolia, na aliyekataa kuusikiliza ni mimi.

Nilishuka miguu haina nguvu. Nikakaa chini kwenye vumbi. Nilisahau saa, nilisahau kama nimefunga. Mwishowe nikaona mkono umenyooshwa mbele yangu na chupa ya maji. Mzee akasema, "Dereva, jua limeingia. Wakati wako umefika." Mtu asiyefunga, ambaye nusura nimuue, ndiye aliyenikumbusha kufuturu. Hakuniambia neno jingine usiku ule.

NILIYOYASEMA OFISINI

Usiku nilitunga maneno ya kuiambia ofisi. Mbuzi waliingia ghafula, breki ilikuwa ya lazima. Yote ni kweli, hakuna hata neno moja la uongo. Lakini asubuhi, tulipokuwa tunazirudisha nondo pamoja na vijana wa pale Taru, nikafikiri: mimi nimefunga mwezi mzima nisile, na hakuna mtu ambaye angejua kama ningekula kwenye kebini. Basi vipi nitaweza kuacha maji kwa ajili ya Mola anayeniona, kisha nishindwe kusema ukweli kwa ajili ya Mola huyo huyo?

Nikapiga simu nikasema: sikukaza baada ya Mariakani, na utingo aliniambia mara mbili. Nilikatwa gharama ya kioo na godoro. Nikaondolewa kwenye usukani wiki mbili, nikawekwa yadini kufunga mizigo ya wenzangu. Niliona aibu sana. Leo nasema zile wiki mbili ndizo zilizonifanya dereva.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 30 Juni 2023, lori lilivamia watu kando ya barabara pale Londiani Junction, wakafa watu zaidi ya 50. Nilisikia habari ile redioni nikiwa njiani. Sisemi sababu zake na zangu ni moja. Nasema nilimkumbuka yule mtoto wa Taru na fimbo yake, nikasimamisha gari pembeni, nikalia.

SAUMU YA MSAFIRI

Vijana wameniuliza: je, dereva afunge au asifunge? Mimi si wa kutoa fatwa. Waulizeni mashekhe wetu hapa, tena mueleze safari zenu zilivyo, maana anayesafiri kila siku ana maswali yake. Ninalojua ni kwamba katika Suratul Baqarah, pale pale tulipofaradhishiwa saumu, msafiri na mgonjwa wametajwa na wamepewa nafasi ya kulipa siku nyingine. Mimi niliijua rukhsa hiyo tangu chuoni. Niliikataa kwa kiburi. Sasa nimekaa na shekhe wangu, tumepanga. Siku nilizo na nguvu nafunga. Siku ya jua kali na mzigo mzito, nikijiona macho yananidanganya, nakula, nanyamaza, na nalipa baada ya Idi. Saumu siyo iliyovunja kioo kile. Kilichokivunja ni kutaka kuonekana.

Na sote tulisoma kisa cha bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu. Mnalijua jibu alilopewa. Mimi ngamia wangu ana magurudumu 22.

KWA ANAYEITAKA KAZI HII

Nimalize kwa machache, maana futari inakaribia.

Kwanza, usinunue leseni. Kuna watakaokwambia lipa hapa, karatasi itatoka. Karatasi haishiki breki. Anza kwa kuwa utingo ukipata mwenye kukufundisha.

Pili, mheshimu utingo. Mshahara wake ni mdogo kuliko wako, lakini yeye ndiye analala nyuma ya viti, mbele ya ule mzigo.

Tatu, jua sheria yako. Lori letu mwisho ni kilomita 80 kwa saa, na sheria ya trafiki hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Ofisi ikikusukuma, itaje sheria hiyo kwa adabu. Utaogopa, kwa sababu wewe ni mgeni na kazi ni chache. Mimi pia niliogopa. Lakini simu ya ofisi haikuwamo ndani ya kebini siku ile.

Nne, utafundishwa mambo njiani. Utaambiwa teremka mlima gia ikiwa huru uokoe diseli, kisha uiuze. Diseli ile ni amana, na mlima hauna huruma. Kataa, hata wakikucheka.

Na la mwisho ni la sisi sote, wenye trela na wasio nayo. Leo msikiti umejaa. Kumi la kwanza sote tumekaza. Lakini dunia inatikisa, ndugu zangu. Inatikisa kidogo kidogo, na mnyororo unalegea bila mtu kuugusa. Anayesubiri mpaka Idi ipite ndipo akague, huenda akakuta mzigo umeshahama. Simama leo. Shuka. Vuta mnyororo wako uone kama unacheza.

Yule mzee bado niko naye. Wiki iliyopita tulipopita Mariakani sikungoja aniambie. Nilisimama, nikashuka, nikaanza kukaza. Akaja akavuta mnyororo mmoja mmoja, akarudi kebini. Akasema, "Twende, dereva."

Allah atukubalie saumu zetu, awalinde walioko njiani, na awarehemu waliokwisha tangulia katika barabara hizi. Nililosema la sawa limetoka kwake, na kosa ni langu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.