Muswada Bungeni, Bei Sokoni: Funzo la Riba za Kenya



Wanaouza taarifa za kisiasa hutaka tuamini kwamba wanauza siri. Nitaichukua sheria ya kudhibiti riba nchini Kenya kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichokuwa na thamani ilikuwa wazi kwa yeyote. Waliosoma ndio waliokuwa wachache.

Muswada wa Jude Njomo, wakati huo mbunge wa Kiambu, ulijadiliwa hadharani, na Bunge la Kitaifa likaupitisha Julai 2016. Ulitaka riba ya mikopo isizidi pointi 4 za asilimia juu ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu. Wengi sokoni hawakuamini. Majaribio ya awali, likiwemo la mbunge Joe Donde mwanzoni mwa miaka ya 2000, yalikuwa yamegonga mwamba. Tarehe 24 Agosti Rais Uhuru Kenyatta akatia sahihi. Kesho yake hisa za benki za KCB na Equity ziliporomoka karibu kugusa ukomo wa asilimia 10 ambao soko huruhusu kwa siku.

Sasa tazameni maneno “kiwango cha msingi”. Kipi? Benki Kuu ilikuwa na viwili: CBR (kiwango cha riba cha Benki Kuu), asilimia 10.5, na KBRR (kiwango cha rejea cha mabenki), asilimia 8.9. Ongeza 4: riba ya juu kabisa ni 14.5 au 12.9. Kwa benki iliyokopesha mabilioni, pengo hilo si la kupuuzwa. Benki Kuu ilitamka Septemba, sheria ikikaribia kuanza kutumika, kwamba ni CBR. Msomaji makini angeuliza tangu Julai, bila kumjua mtu yeyote Ikulu.

Mwaka 2019 hesabu ilikuwa rahisi zaidi. Oktoba, Rais aliurudisha Muswada wa Fedha bungeni akitaka ukomo wa riba ufutwe. Wabunge waling'aka, magazeti yakanusa vita. Lakini Ibara ya 115 ya Katiba inadai theluthi mbili ili kuyakataa maoni ya Rais, yaani wabunge 233 kati ya 349. Anayejua mahudhurio ya Bunge letu alijua mwisho wake. Novemba akidi haikutimia, ukomo ukafutwa. Hisa za benki zilikuwa zimekwisha kupanda tangu Oktoba.

Sisemi minong'ono haina bei. Zile siku 14 muswada unapokuwa kwa Rais, anayejua nia yake ana mali mkononi. Marekani ilipitisha Sheria ya STOCK mwaka 2012 kuwazuia wabunge kufanya biashara kwa taarifa za kazini, ila kipengele cha kuwasajili wafanyabiashara wa taarifa za kisiasa kiliondolewa njiani. Hao hawakukosa watetezi.

Kwetu ningeanza na jambo dogo zaidi: marekebisho yanayopelekwa kwenye Kamati ya Bunge zima yachapishwe mapema, yasomeke hata na chama cha akiba na mikopo kisicho na wakili. Hapo ndipo tarakimu hubadilishwa, mara nyingi jioni, ukumbi ukiwa nusu tupu.