Mtego wa Nzi wa Maembe

Mwenye miembe Kilifi, Makueni au Muheza anaujua uchungu wa kupasua embe lililoiva akakuta funza. Mharibifu mkubwa ni nzi wa asili ya Asia, aliyegunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003. Hutoboa ganda akataga ndani, ndiyo maana dawa ya kunyunyiza haimfikii funza.

Basi tumtege. Chambo cha kemikali iitwayo methili yujinoli huvuta madume. Wakipungua, majike hukosa wa kuwapanda. Lakini anayetoboa embe ni jike, naye hufuata harufu ya protini, kwa hiyo chambo cha protini kisikosekane. Tundika mtego kivulini, katikati ya matawi, matunda yakiwa bado machanga. Waya wa kutundikia upake grisi, maana sisimizi hula nzi walionaswa, nawe ukadhani shamba ni safi.

Na maembe yaliyoanguka! Nawasihi, msiyaache chini ya mti, kwani funza hutoka humo wakaingia udongoni na kuibuka nzi wapya. Yafukieni kina cha nusu mita au zaidi. Zungumzeni na majirani pia watege, maana nzi wa kwao watahamia kwenu.