Sauti ya Pili

Hotuba ya aliyekuwa mweka hazina wa kwaya, katika Yubile ya Miaka 50

 



Katibu aliponiita aliniambia nizungumze juu ya historia. Historia mtaikuta kwenye kijitabu, na imeandikwa vizuri kuliko ninavyoikumbuka. Mimi nimeomba nafasi nilipe deni. Katika Walawi, mwaka wa hamsini ulikuwa mwaka wa kurudisha. Shamba lililouzwa lilirudi kwa mwenyewe, na aliyejiuza alirudi kwao. Basi katika mwaka wetu wa hamsini, nina kitu cha kumrudishia mtu.

Ilikuwa 1997, mwaka wa uchaguzi. Hatukuwa na kinanda. Tulikuwa tukiazima cha kwaya nyingine, tukikileta kwa mkokoteni, na mara mbili kilinyeshewa njiani tukakirudisha kwa aibu. Mimi nilikuwa mweka hazina, na hazina yenyewe ilikuwa mkebe wa kakao. Akaja mgombea mmoja, mtu mcheshi, mwenye mkono wazi. Akasema atatufanyia harambee tupate kinanda kipya, spika mbili na sare. Alichoomba kilikuwa kidogo tu. Kuna wimbo wetu wa sifa alioupenda. Siku ya harambee tumwimbie wimbo huo, lakini kwenye kiitikio, pale penye jina la Bwana, tuweke lake.

Tulikutana Alhamisi baada ya mazoezi. Mwenyekiti wa wakati huo alilieleza jambo hilo kana kwamba limeshaamuliwa, kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Mimi nilikuwa nalo. Nawaambia kweli, lilikuwa limeshafika kooni. Lakini nilifikiria kinanda. Nilimfikiria pia mwenyekiti, ambaye alisimama nami nilipofiwa na baba. Nikainama, nikaanza kuhesabu pesa ambazo nilikuwa nimeshazihesabu.

Akasimama mama mmoja wa sauti ya pili. Alikuwa akiuza sukuma wiki sokoni, na kwenye mikutano hakuwa msemaji. Alishika benchi la mbele yake kwa mikono miwili. Akasema, "Mimi siwezi kuondoa lile jina niweke la mtu. Kinanda nakitaka kama nyinyi. Lakini hilo siwezi." Akaketi.

Tulikuwa watu ishirini na wanane mle ndani. Baadaye, mmoja mmoja, nilikuja kujua kwamba si chini ya kumi kati yetu tulikuwa na wazo lile lile. Hakuna aliyefungua mdomo. Mwenyekiti akangoja kidogo, akasema, "Naona ni mtu mmoja tu," na mambo yakaisha.

Tuliimba. Watu walipiga makofi sana. Kinanda kilikuja kweli, spika ikaja moja badala ya mbili, na sare zile tunazingoja hadi leo. Mama yule hakuwa nasi. Aliambiwa kwamba kama hawezi kwenda na wenzake, basi apumzike kidogo. Alipumzika miaka minne. Alikuwa akiketi benchi la nyuma karibu na mlango, nami nilimwona kila Jumapili, kwa maana kwaya yetu huketi ikiwatazama watu. Siku nyingine nilijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo.

Wanakwaya, sisi tuna shida yetu ya pekee. Tunafundishwa tusisikike. Mwalimu akisikia sauti moja imejitokeza juu ya nyingine, anasimamisha wimbo, na anafanya vema. Lakini ukifundishwa hivyo kwa miaka arobaini, hata mkutanoni unaogopa kujitokeza. Unangoja wengine waanze ili uingie katikati yao. Basi tunamaliza kikao kwa maombi, kila mtu ameinamisha kichwa, halafu kikao cha kweli kinaanzia getini. Pale getini kila mtu ni Danieli. Siku hizi geti limehamia WhatsApp.

Na bado ni kwaya hii hii iliyotufundisha kuitikia. Anayeanzisha wimbo huita, nasi tunaitikia. Akiita na kundi zima likanyamaza, anabaki ni mtu mmoja anayepaza sauti kanisani, na watu wanaanza kugeuka kumtazama. Tukizungumza juu ya ujasiri wa kusema lililo moyoni, huwa tunamfikiria yule anayeanza. Mimi nimekuja kuona kwamba wa kwanza hupatikana, hata kama ni kwa shida. Anayekosekana ni wa pili. Katika vita na Waamaleki, hata Musa alichoka mikono. Haruni na Huri hawakuhitaji kuwa Musa. Walihitaji kumshika mkono, huyu upande huu, huyu upande ule.

Nchi yetu imeliona jambo hili. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wachache waliketi Uhuru Park, Nairobi, wakitaka wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Profesa Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Siku chache baadaye polisi waliwatawanya kwa virungu na gesi ya machozi. Habari yao ingeweza kuishia hapo, na wangesemwa kuwa ni wanawake wachache wenye wazimu. Lakini walikwenda katika kanisa kuu la All Saints lililo karibu, wakapokelewa, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Mapema 1993 wengi wa wafungwa wale walikuwa wametoka. Akina mama ndio walioanzisha. Wale waliowafungulia mlango, na wale waliokuja kuketi nao, ndio walioitikia.

Na jambo la pesa na kwaya halikwisha na 1997. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango wa Rais kwa parokia ya Soweto, akaagiza pesa zirudishwe. Kati ya zile zilizotajwa mlikuwa na shilingi 600,000 ambazo kwaya ilikuwa miongoni mwa waliopewa. Niliposikia habari hiyo redioni nilizima jiko, nikaketi. Niliwafikiria wanakwaya wale. Sijui nani kati yao alikuwa na neno kooni.

Mwaka 2001 nilikwenda sokoni. Nilinunua sukuma ya shilingi ishirini, nikabaki nimesimama pale na karatasi yangu hadi wateja wakaisha. Nikamwambia, "Mama, siku ile nilikuwa na neno kama lako, na nikanyamaza." Alinitazama kwa muda. Nilidhani atanikasirikia kwa ajili ya kinanda, au kwa ile miaka minne. Alisema, "Mimi nilipoketi na msiseme kitu, nilianza kufikiri labda nimekosea. Nilikaa miezi nikimwomba Mungu anisamehe kiburi."

Kiburi! Mtu aliyesema kweli, sisi kwa kunyamaza kwetu tulimfanya atubu kwa ajili yake.

Tangu siku ile nimejaribu kuitikia. Sikugeuka shujaa, na wanaonijua wanajua. Lakini mtakumbuka mwaka 2006, msichana mmoja wa sauti ya kwanza alipouliza ni kwa nini msichana akipata mimba anasimamishwa kuimba, na kijana wa sauti ya tatu ambaye kila mtu anajua ndiye baba anaendelea kuimba mbele ya watu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Aliposema hayo mkutano uligeuka barafu. Nikahisi mkono wangu unakwenda kwenye ule mkebe. Nikausimamisha. Nilisema maneno manne tu: "Hata mimi naona hivyo." Sauti yenyewe ilitetemeka kama ya mbuzi. Baada yangu wakasema wawili, kisha mzee mmoja wa kanisa ambaye hatukumtarajia kabisa.

Hatukushinda siku hiyo. Jambo lile lilichukua miaka miwili, na kuna rafiki yangu ambaye kwa muda mrefu alinisalimu kwa kichwa tu. Lakini msichana yule hakwenda nyumbani akijiuliza kama ana kiburi.

Sisemi kila mtu sasa abishane. Yuko anayepinga rangi ya sare kila mwaka, namwona pale kwa besi, anacheka. Rangi ni rangi, ndugu yangu, vaa tu. Mimi nazungumzia yale mambo ambayo ukinyamaza, usiku hulali. Hayo kila mmoja anayajua yake. Na mwenzako akiyasema kabla yako, usimngoje getini umshike mkono na kumwambia, "Umesema vizuri, mimi niko na wewe." Mwambie mle mle ndani, mwenyekiti akiwa anasikia. Ni maneno manne tu. Hata yakikutetemeka, yatasikika.

Kinanda cha 1997 kiliharibika 2009, na hiki mnachokisikia leo tulikinunua wenyewe, kwa maandazi na kuosha magari ya waumini. Mama yule alirudi kwaya mwaka ule ule wa 2001. Yuko hapa leo, miwani mipya, magoti ya zamani. Ameniruhusu nisimulie haya yote kwa sharti moja, nisimtaje jina, nami nimelishika sharti. Lakini hakuniwekea sharti jingine. Kwa hiyo, mwalimu wetu, nina ombi. Wimbo wa kufunga ibada ni ule ule wa 1997, nimeuona kwenye ratiba. Tafadhali mwache yeye auanzishe. Sisi wengine tutaitikia.