BUNDUKI YA MITUTU MIWILI NA NDEGE WA PORINI

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wakaaji wa Buxton, Mombasa.)



Nimeombwa niseme juu ya bunduki ya marisau, ile yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu: jinsi ya kuichagua, na jinsi ya kuitumia katika kuwinda ndege. Huenda mtu akauliza, "Sisi watu wa mjini yatuhusu nini?" Yatuhusu kwa njia mbili. Baadhi yetu tuna jamaa na mashamba ng'ambo, upande wa Kwale na Kilifi, na wengine wana jamaa Tanga. Tena, kila kunguru wanapozidi juu ya mapaa yetu, hakosi mtu wa kusema, "Laiti ningekuwa na bunduki!"

Nia yangu ni moja. Kila mwenye bunduki ya marisau yampasa aijue mipaka yake miwili: umbali ambao marisau huua, na umbali ambao marisau hufika. Mipaka hiyo haiko pamoja, na watu huumizwa katika nafasi iliyo kati yake.

Kwanza sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa mchezo mwaka 1977, na sheria ya wanyama wa porini ya mwaka 2013 yahesabu uwindaji huo kuwa kosa. Bunduki yenyewe yatawaliwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114; hapana ruhusa ya kuwa nayo bila cheti. Tanzania, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, huruhusu kuwinda kwa leseni. Lakini bunduki haivuki mpaka wa Lunga Lunga kama kikapu cha maembe. Yataka idhini ya serikali zote mbili. Atakaye kuwinda na aanze ofisini kabla ya kwenda porini.

Sasa kuchagua. Bunduki hizi huitwa kwa namba. Namba 12 maana yake ni hii: ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa katika vidonge 12 vilivyo sawa, kila kidonge hutosha barabara katika mtutu. Kwa hiyo namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12, nayo ni nyepesi zaidi kwa mtu mwembamba au kwa atembeaye kutwa nzima.

Bunduki ni kama kiatu. Cha mwenzio chaweza kuwa kizuri na bado kikakuchubua. Ukiisha kuhakikisha kwamba ni tupu, ielekeze mahali pa salama, fumba macho, ipandishe begani na ulaze shavu juu ya kitako. Kisha fumbua. Jicho likiwa sawasawa juu ya ubapa ulio kati ya mitutu, bunduki hiyo yakufaa. Likiwa limekwenda upande, fundi na arekebishe kitako, ama sivyo utapiga kando siku zote na kuilaumu macho yako bure.

Bunduki nyingi za namna hii ni za zamani, urithi wa baba au babu. Usidanganywe na nakshi. Chungulia ndani ya mitutu kuona kama kuna kutu, vishimo au mibonyeo. Tikisa uone kama maungo yamelegea. Ukiona mitutu yenye michirizi kama mawimbi, jua kwamba huenda ilifuliwa kwa baruti ya kale itoayo moshi mwingi; risasi za siku hizi zaweza kuipasua. Bunduki za Uingereza hupigwa muhuri baada ya kujaribiwa, London au Birmingham, na nyumba ya majaribio ya Birmingham iliwekwa kwa sheria mwaka 1813. Fundi ajuaye kazi yake ataisoma mihuri hiyo na kukuambia bunduki yaweza kuhimili nini.

Kuna hatari mbili ambazo hazionekani kwa macho. Ya kwanza ni urefu wa chumba cha risasi. Risasi ya milimita 70 yaweza kuingia bila taabu katika chumba cha milimita 65, kwa kuwa mdomo wake umekunjwa. Lakini ikifyatuka haina nafasi ya kukunjuka, na nguvu iliyo ndani huzidi kiasi. Ya pili ni mbaya zaidi. Risasi ya namba 20 ikitiwa kwa makosa katika bunduki ya namba 12, huteleza na kukwama ndani ya mtutu. Mwenye bunduki huona chumba kitupu, akatia ya namba 12 nyuma yake, akafyatua. Na mtutu hupasuka karibu na mkono wake. Ndiyo sababu magamba ya namba 20 hutiwa rangi ya manjano. Usichanganye namba mbili katika mfuko mmoja.

Sasa kutumia. Kwa kawaida mtutu wa kulia huwa wazi zaidi mdomoni, na wa kushoto hubanwa kidogo ili marisau yasitawanyike upesi. Kifyatulio cha mbele hupiga wa kulia, cha nyuma hupiga wa kushoto. Basi kwale akiruka karibu na miguu yako, tumia cha mbele. Kanga akiwa amekwisha kwenda mbali, cha nyuma. Kwa kanga, ambaye ni ndege mgumu, watu hutumia marisau makubwa ya namba 4 au 5. Kwale namba 6. Na tombo, aliye mdogo, namba 7 au 8.

Usifyatue katikati ya kundi ukitumaini bahati. Chagua ndege mmoja, mfuate kwa mtutu, mpite kidogo, ufyatue bila kusimamisha mkono. Usipige kanga anayekimbia chini, kwa maana nyuma ya nyasi huenda yuko mbwa, mchungaji au mtoto anayeokota kuni. Na usipige ndege aliye zaidi ya yadi 40. Marisau ya namba 6 hukosa nguvu ya kuua vema mbali kuliko hapo. Ndege huondoka na jeraha akafie kichakani, asiwahiwe na kisu wala asiliwe na mtu. Huo ndio mpaka wa kuua. Lakini marisau yayo hayo huendelea kuruka yadi 200 na zaidi. Huo ndio mpaka wa kufika.

Na sasa kunguru. Kunguru huyu wa Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, naye alionekana Mombasa mwaka 1947. Ni mharibifu kweli: hula vifaranga na mayai ya ndege wengine, na mwezi wa Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaondoa milioni moja. Mpango huo ni wa sumu itolewayo na wenye ujuzi, na sababu yake ni wazi. Simama hapa Buxton, ambapo ghorofa zimejengwa mahali pa nyumba za zamani za manispaa, uhesabu yadi 200 kila upande. Utapita madirisha mangapi, kamba ngapi za nguo, watoto wangapi watokao shule? Marisau yapigayo ukuta wa saruji hurudi, na hayachagui. Tuwanyime kunguru taka zilizo wazi, nao watapungua bila mlio wa bunduki.

Mwenye cheti na aifungie bunduki yake kabatini, risasi ziwe mahali pengine, na ufunguo usijulikane na watoto. Aendapo nayo, aikunjue iwe wazi kila apandapo gari au kuruka ua, ili mwenzake aone kwa macho kwamba ni tupu. Na kabla ya kugusa kifyatulio, asiulize tu, "Nitampata?" Aulize pia, "Nikimkosa, marisau yataangukia wapi?" Asiyekuwa na jibu la swali hilo la pili, na amwache ndege aende zake.